Kifua Kilichokatazwa Kucheka

Sheria ilipitishwa siku Mbeyu aliporudi kutoka hospitali, na mimi sikuwepo bungeni. Nilikuwa shule ya bweni, nikisoma hesabu za pembe na kumfundisha mbuzi wa mpishi kuhudhuria gwaride. Shule zilipofungwa nikafika nyumbani Bombolulu na sanduku langu la bati, nilikuta nyumba nzima iko chini ya utawala wa nyanya yangu, Nyamvula, ambaye sisi Wagiriama humwita Hawe. Kifungu cha kwanza cha katiba yake kilisema: katika nyumba hii hakuna kucheka.

"Hata kidogo?" niliuliza, sijatua sanduku.

"Hata kutabasamu kwa meno," Hawe alisema. "Na wewe nakujua. Ukiwashwa na ulimi, nenda ukachekeshe kuku."

Nieleze sababu, maana msomaji anaweza kumdhania nyanya yangu dikteta wa kawaida. Dada yangu Mbeyu, ambaye ndiyo kwanza ameanza shule, alizaliwa na tundu moyoni. Madaktari walimpasua kifua, wakaufungua ule mfupa wa katikati unaoitwa kidari, wakaliziba tundu, kisha wakazirudisha pande mbili za mfupa pamoja kwa waya nyembamba. Moyo ulikubali. Walipomruhusu kurudi nyumbani walimpa Mama masharti: mtoto asiinuliwe kwa kushikwa makwapani, asikimbie, kidonda kisiloweshwe. Kuhusu kucheka hawakusema neno. Hiyo ilikuwa nyongeza ya Hawe mwenyewe, pamoja na leso.

Kwetu mwanamke akijifungua hufungwa mkaja. Leso huzungushwa tumboni ikakazwa barabara, ili kilichofunguka kirudi mahali pake. Hawe amewafunga mkaja nusu ya wazazi wa Junda na Mishomoroni, na wengine humwamkia barabarani wakishika matumbo kwa kumbukumbu. Basi alipomwona mjukuu wake karudi na kifua kilichofunguliwa, hakuona haja ya kuuliza mtu. Alitwaa leso yake kuukuu, iliyolainika kwa kufuliwa hata maandishi yamefutika, akaizungusha kifuani kwa Mbeyu juu ya bandeji, akakaza, akapiga fundo ubavuni. Kila asubuhi aliilegeza na kuikaza upya. Mbeyu mwenyewe alikiri kwamba akifungwa haumii. Kwa hiyo watu wote walifurahi, isipokuwa mimi.

Maana fikiria hasara yangu. Shuleni nina mashabiki, lakini ni watu wa kucheka kwa hesabu. Mtu anacheka huku anaangalia kama mwalimu wa zamu anakuja. Mbeyu hucheka kabla sijafika mwisho wa kisa, hucheka mpaka akakaa chini, hucheka kisa kilekile mara ya nne. Sasa tulikuwa tunasalimiana kama mabalozi wa nchi zenye ugomvi.

"Shikamoo, Kaka Gesho."

"Marahaba, mheshimiwa. Uji umekuridhisha?"

"Umeniridhisha."

Na kila mmoja akageukia ukuta wake.

Kidonda, kwa upande wake, kilikuwa fahari ya ploti. Kilikauka, kikafunga, kikawa mstari mmoja ulionyooka kutoka shingoni kwenda chini. Majirani walikuja kukitazama kama watu wanaoonyeshwa sebule mpya. Jambo pekee lililomsumbua Mama ni kwamba jioni Mbeyu alipata joto kidogo, na chakula alikuwa anakichezea tu. Kwenye zahanati ya mtaani walilitazama kovu, wakalisifu, wakampa dawa ya homa. Homa ikashuka. Kesho yake jioni ikarudi, na hamu ya chakula haikurudi nayo.

Siku moja asubuhi Hawe aliitwa Mishomoroni kwenda kuwapa pole watu waliofiwa. Mama alikuwa kazini, karakana anakoshona mikoba. Mamlaka ya kufunga leso yakaniangukia mimi, kwa maneno haya:

"Ulegeze, umpanguse jasho, ukaze. Fundo liwe ubavuni. Na Gershom, nikirudi nikaambiwa mtoto kacheka, nitakukaza wewe shingoni."

Niliahidi kwa mkono juu. Nakusudia kusema kwamba nilikuwa mkweli. Niliilegeza leso kwa heshima zote, nikampangusa, na ningeikaza kama si jogoo.

Jogoo wetu ana mwendo wa naibu wa mwalimu mkuu wetu. Hutembea mikono nyuma, kama jogoo angekuwa na mikono. Aliingia mlangoni wakati huo, akasimama katikati ya chumba, akageuza kichwa kushoto akaangalia kitanda, akageuza kulia akaangalia sufuria. Ilikuwa ni ukaguzi wa bweni. Mwili wangu, uliozoeshwa na shule kwa miaka mitatu, ulisimama wenyewe wima.

"Mwalimu," nikasema, "kitanda cha pili ni cha Mbeyu. Anaumwa, ndiyo maana hajavaa soksi."

Jogoo akanya sakafuni.

Mbeyu alicheka. Alijaribu kukizuia kicheko, kikatokea puani, kisha kikatoka chote. Na katikati ya kile kicheko nilisikia kitu: tk. Kama mtu anayealisha vidole, anavivuta mpaka vilie. Kikalia tena, tk, tk, na Mbeyu akaacha kucheka ghafla, kiganja kifuani.

"Umealisha vidole?" niliuliza.

Akatikisa kichwa.

"Nini kimelia?"

"Usimwambie Hawe."

"Simwambii. Nini kimelia?"

"Kifua," alisema kwa sauti ndogo. "Kinaalika. Tangu juzi."

"Mbona hukusema?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga wa ukoo. "Kinaalika nikicheka. Nikisema kinaalika, Hawe atajua nimecheka."

Mtoto alikuwa ameificha dalili ya ugonjwa kwa sababu dalili yenyewe ilikuwa kosa la jinai. Na kila asubuhi ile leso ilikazwa, mfupa ukanyamaza, tukasema yuaendelea vizuri. Nilimwekea kiganja kifuani, nikamwambia avute pumzi ndefu. Chini ya lile kovu zuri palikuwa na moto kuliko mahali pengine. Sikuikaza leso. Niliikunja, nikakaa nayo mapajani, nikasubiri serikali.

Serikali ilirudi yote kwa pamoja saa ya chakula: Hawe kutoka matangani, na Mama, ambaye husikika kwa mkongojo wake kabla hajaonekana.

"Kifua cha Mbeyu kinaalika," nikasema.

Sasa, Mama ni mtu ambaye amewahi kupokea kutoka kwangu taarifa kwamba nimechaguliwa kwenda kusomea upadre, akawaambia watu wa jumuiya, wakaanza kuchanga. Alinitazama kama askari wa getini anavyotazama gunia.

"Gershom, unatania?"

"La, Mama."

"Nitazame usoni useme."

"Kinaalika. Weka kiganja."

"Nikiweka kiganja halafu ukacheka, utarudi shuleni leo hii, na iwe imefungwa vivyo hivyo."

"Leso iko wapi?" Hawe aliuliza. Alikuwa ameona kifua kiko wazi, na uso wake ulibadilika. "Kwa nini mtoto yuko wazi?"

"Mbeyu," Mama aliita.

"Abee, Mama."

"Kweli kinaalika?"

Mbeyu akamtazama Hawe kwanza. "Hawe atanichapa?"

"Hakuchapi mtu."

"Kinaalika. Nikicheka. Na nikikohoa. Nikifungwa leso hakialiki, kinauma tu kwa ndani."

Mama alichukua kadi ya hospitali juu ya kabati, akajifunga mtandio. Hawe alininyang'anya leso mapajani, akaitia kwapani.

"Nakwenda nami," alisema. "Huyo daktari nataka nimwone anavyomfungua mjukuu wangu."

Daktari wa watoto aliyetupokea aliitwa Mwanasaumu, mama wa Kimvita mwenye sauti ya upole kiasi kwamba akikutukana utamshukuru. Alimwamkia Hawe shikamoo kabla hajamgusa mtoto, na Hawe akampa marahaba ya kumtahini. Daktari alilitazama kovu, akalibonyeza taratibu kwa ncha za vidole, akapima joto, akasikiliza.

"Nje kumepona vizuri sana," alisema. "Hilo ndilo linalonisumbua. Mlango umefungwa, na mimi sijui ndani kumebaki nani. Yaweza kuwa hakuna kitu. Yaweza kuwa wadudu wamejificha nyuma ya mfupa."

"Mtampasua tena ili mwone?" Hawe aliuliza.

"Hapana, Nyanya. Iko mashine kubwa ya kupiga picha mwili mzima, lakini ile ina miali ya kudhuru, na mtoto mdogo mara nyingine hulazwa usingizi kwa dawa ili atulie. Tuanze na altrasaundi. Haina miali, haina maumivu, na atakaa hapo hapo mapajani kwa mamake."

Akavuta mashine yenye magurudumu. Mbeyu ni mzoefu wa altrasaundi. Moyo wake umepigwa picha kuliko maharusi wote wa Kisauni. Alipoona chupa ya jeli alinigeukia kwa huruma.

"Ni baridi," alinionya, kama ni mimi nitakayepakwa.

Kioo cha mashine kilionyesha kitu kama televisheni ya mkahawa siku ya mvua. Daktari alitembeza kifaa juu ya kovu polepole, na katika ule ukungu ikatokea milia miwili myeupe, mmoja huku, mmoja huku.

"Hizi ni kingo za kidari. Zilishonwa pamoja. Katikati na nyuma yake, mwaona weusi huu? Ni majimaji."

"Ni usaha?" Mama aliuliza. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mkongojo ingawa alikuwa amekaa.

"Sijui bado. Yaweza kuwa damu iliyobaki baada ya upasuaji, ambayo mwili huimaliza wenyewe. Watoto wengi huwa nayo na ni wazima. Nataka kuona mambo mawili. Kama kingo hizi zatikisika, na kama haya majimaji ni safi au yana chenga. Mbeyu, mwanangu, hebu kohoa."

Mbeyu alikohoa kikohozi cha adabu, kama mtu anayebisha hodi ofisini kwa mwalimu mkuu. Milia haikujua hata kama amekohoa.

"Kwa nguvu."

"Kinauma."

Daktari hakumlazimisha. Alifikiri kidogo. "Basi acheke. Kicheko hutoka chini zaidi."

Wote wakanigeukia mimi.

Naomba wakati huu uheshimiwe. Katika historia ya ukoo wetu ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye shahada kuniomba rasmi nifanye upuuzi. Nilisimama, nikarekebisha kola. Nikampa naibu wa mwalimu mkuu. Nikampa jogoo. Nikampa naibu na jogoo wakikutana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake. Nikampa mpishi wetu akitafuta mbuzi wake akamkuta amepanga mstari na kidato cha pili. Kazi hiyo imewahi kumwangusha mtu kutoka kitanda cha juu.

Mbeyu alinitazama kwa uso wa msimamizi wa mtihani. Midomo yake ilikuwa imekazwa hata imepoteza rangi.

"Cheka, mama," Mama alimbembeleza. "Daktari amekuruhusu."

"Nimeapa."

"Umeapa kwa nani?"

"Kwa Hawe. Nisicheke mpaka kifua kishikane."

Sasa wote wakamgeukia Hawe. Alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda, leso imebanwa kwapani.

"Nyanya," Daktari Mwanasaumu alisema taratibu, "sheria ni yako. Mimi siwezi kuifuta."

"Daktari, mimi nimewafunga watu wengi." Sauti ya Hawe haikuwa ya kiserikali tena. "Najua kilichofunguka hufanywa nini. Huyu walimfungua mpaka moyoni. Akicheka hapa kikaachia, mimi nitampigia babake simu, yuko njiani na lori, nimwambie nini?"

"Kama kimeachia, kimeachia tayari, Nyanya, na sisi hatujui. Nikikiona leo nitakishika. Nisipokiona, kitaendelea huko ndani kimyakimya."

Mashine ililia polepole. Hawe alitazama ile milia miwili kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akaitoa leso kwapani, akaikung'uta.

"Gershom, njoo. Inua mikono."

Nilidhani nimehukumiwa. Niliinua mikono. Hawe akanizungushia leso tumboni, akaweka goti mgongoni mwangu kama afanyavyo kazini, akaivuta mpaka nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Daktari, msameheni huyu," alisema, uso mkavu kama mbao. "Ni mzazi. Amejifungua jana."

"Hawe," nikasema.

"Usiseme sana, utaingiwa na upepo. Mtoto wake mkubwa, kichwa kama sanduku la bati. Alimsumbua kutoka." Akakaza tena. "Tumbo hili litarudi, lakini nyonga ndiyo basi. Mbeyu, mpe mwenzio hongera. Muulize kama maziwa yametoka."

Mbeyu alinitazama. Akaitazama leso yake mwenyewe ikiwa imenibana, na fundo liko ubavuni, mahali pake hasa.

"Yametoka?" aliuliza.

"Bado," nikasema.

Na hapo kiapo kikavunjika. Kicheko kilimtoka Mbeyu kutoka magotini. Tk, tk, tk, kila mtu chumbani alikisikia, na kwenye kioo ile milia miwili ikaachana, ikakutana, ikaachana tena. Ndani ya weusi zilizuka chenga, zikazunguka kama machicha yaliyoponyoka kwenye kichujio cha tui.

"Basi, basi, mama. Inatosha," Daktari alisema. "Nimeona."

Hakuna aliyecheka tena. Yaliyofuata yalikwenda haraka na kwa utulivu. Daktari alimpaka Mbeyu dawa ya ganzi, akaingiza sindano huku macho yake yako kwenye kioo. Sindano ilionekana, uzi mweupe ukiingia kwenye weusi bila kugusa kitu kingine. Aliponyonya, bomba lilijaa kitu cha rangi ya tui lililochacha. Mimi sikula wali wa nazi kwa muda mrefu baada ya hapo, na mimi si mtu wa kukataa wali.

"Ni usaha," Daktari alisema. "Utapelekwa maabara watuambie ni wadudu gani na dawa gani yawaua. Mbeyu atarudi thieta. Wataosha, watafunga mfupa upya, atakaa wadini apewe dawa za mshipa."

"Atapona?" Mama aliuliza.

"Atapona, inshallah. Na nawaambia kwa nini nasema hivyo. Tazameni." Akairudisha picha kwenye kioo, akaufuata ule weusi kwa kidole mpaka ukingoni. "Mwisho wake ni hapa. Moyo uko huku, haujafikiwa. Tumeuwahi."

Hawe alikuwa bado ameshika ncha ya leso, na ncha nyingine bado ilikuwa imenibana tumboni.

"Ni mimi na leso yangu?" aliuliza.

"La, Nyanya. Leso haikuleta usaha. Haya hutokea mara mojamoja, hata mahali pawe safi vipi. Leso yako iliushika mfupa, mtoto asiumie. Ila iliuziba sauti."

Hawe akaitikia kwa kichwa. Alinifungua, akaikunja leso ndogo kabisa, akaitia mkobani. Sijaiona kifuani kwa mtu tangu siku ile. Kwenye matumbo inaendelea na kazi.

Mbeyu alirudi thieta, akatoka, na likizo yangu yote iliyobaki niliimalizia wadini. Sioni haya kusema kwamba nilifanya kazi nzuri. Kila Daktari Mwanasaumu alipokuja na mashine yake, niliitwa niwe karibu, kwa kuwa uchunguzi ulihitaji kicheko na kicheko kilikuwa idara yangu. Wauguzi walianza kuniita "kifaa". Mara ya kwanza ule weusi ulikuwa bado upo, lakini bila chenga. Mara nyingine ulikuwa mwembamba. Halafu ukawa uzi.

Siku ya mwisho kabla ya kuruhusiwa, Daktari alimpaka jeli kama kawaida, akaweka kifaa.

"Haya, Mbeyu. Cheka."

"Sina sababu," Mbeyu alisema.

Nilianza na jogoo. Akanyanyua kiganja kunizuia. Wiki zile wadini alikuwa amejifunza jambo ambalo mimi nilichukua miaka kulijua: kwamba mtu anayesubiriwa acheke ndiye mtawala wa chumba.

"Unataka nini, mama?" Daktari aliuliza.

Mbeyu akauonyesha mkoba wa Hawe kwa kidole. Kisha akamwonyesha Daktari.

Daktari Mwanasaumu aliweka kifaa chini, akasimama, akainua mikono juu. Hawe akaitoa leso, akaikung'uta kwa heshima inayostahili cheo, akamzungushia juu ya koti jeupe, akapiga fundo ubavuni.

"Amejifungua leo asubuhi," Hawe alitangaza. "Pacha."

"Na wote wamefanana na Gershom," Daktari aliongeza kwa ile sauti yake ya upole, akikaa na kushika kifaa chake.

Mbeyu akacheka mpaka Mama ikabidi amshike. Mimi sikumtazama. Nilitazama kioo. Ile milia miwili ilikuwa imegusana, na kicheko kilipita juu yake na chini yake, nayo ikakaa palepale. Nyuma yake weusi haukuwapo.

"Hakuna kitu," Daktari alisema, na leso yake tumboni. "Kumeshikana."

Hawe hakukiamini kioo peke yake. Amri zake hazifutwi kwa televisheni. Aliipangusa jeli kwa kiganja, akainama, akaweka sikio juu ya kovu la mjukuu wake, akafumba macho.

"Cheka," alisema.

Mbeyu alicheka. Hawe alisikiliza mpaka kikaisha, hakuinua kichwa.

"Tena."